Harufu ya Korona



Nimeitwa niseme juu ya kumbukumbu za mji wetu wa Tanga, na kazi hii ina aibu yake. Humu ndani wapo watu walioujua mji huu kabla sijazaliwa, nao wamekaa kimya, na mimi niliyesoma vitabu ndiye niliyekabidhiwa kipaza sauti. Basi nitafanya ujanja: nitawarudishia maneno yenu wenyewe. Mengi ya leo niliyasikia katika kikao chenu kilichopita, nilipokaa kando ya dirisha, daftari mapajani, na kikombe cha kahawa tungu kikipoa kwa sababu mkono ulikuwa unaandika.

Mnakikumbuka kikao kile. Picha za zamani zilizungushwa mkono kwa mkono, kashata zikafuata njia hiyo hiyo, na picha moja ikarudi imeganda sukari. Katibu akauliza swali ambalo vikao vya namna hii huuliza kila mahali: "Hebu tuambieni, Tanga ya zamani ilikuwaje?" Majibu yakamiminika. Tanga ilikuwa safi. Watu walipendana. Mtoto wa mwenzio ni wako, akikosea unamchapa na mama yake anakuja kukushukuru. Milango haikufungwa. Bahari ilikuwa na samaki, na samaki walikuwa na ladha. Mzee mmoja akalifupisha lote, na ukumbi mzima ukaitikia: "Tanga ilikuwa Tanga."

Baada ya saa nzima nikasoma nilichoandika. Nikafanya jaribio dogo: kila palipo na Tanga nikaweka Lindi. Hakuna kilichoharibika. Nikaweka Mombasa, ikakaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Nikaweka Tabora, na hapo sentensi ya samaki wa bahari peke yake ndiyo iliyogoma. Yaani watu wa Ngamiani, Chumbageni na Raskazone, ambao kila mmoja angeweza kunitajia nani alikuwa jirani wa nani katika barabara namba ngapi, walikuwa wamesimulia kwa saa nzima mji ambao ungeweza kuwa popote.

Sikuwalaumu siku ile na sitawalaumu leo. Lililokosea ni swali. Ukimuuliza mtu zamani ilikuwaje, atakujibu yeye alikuwaje: magoti hayakuuma, mama yake alikuwa hai, na chakula alipikiwa. Nani atasema hapo hapakuwa pazuri?

Kikao kiligeuka kwa neno moja. Mama mmoja wa mstari wa mbele, aliyekulia Raskazone, alikuwa akieleza jinsi mji ulivyonukia asubuhi: asumini, vitumbua, upepo wa bahari. Kutoka nyuma kabisa ikaja sauti ambayo haikuomba ruhusa kwa mwenyekiti: "Asumini ipi? Palinuka korona."

Vijana wakaangua kicheko, maana kwao korona ni barakoa na kunawa mikono. Wazee nao wakacheka, ila cha kwao kilikuwa kicheko kingine, cha watu waliotajiwa jina la ndugu ambaye hatajwi. Yule mama, kwa adabu zake, akasema korona zilikuwa huko mashambani, mjini hazikuwepo. "Ni kweli hazikuwepo," mzee akajibu. "Harufu tuliileta sisi. Nikipanda basi Jumamosi kuja mjini, nimeoga, nimevaa shati safi, aliyekaa kando yangu anahama kiti."

Hapo ndipo nilipofungua ukurasa mpya.

Kwa nyie vijana mliobanana pale mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha: korona ni mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Jani linaingia bichi, nene, lina mwiba nchani. Linapondwa na kukwanguliwa huku maji yakimwagika, na upande wa pili zinatoka nyuzi za kuanikwa juani, kupigwa brashi na kufungwa marobota. Katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kilo nne au tano hivi. Kilo zinazobaki ni maji na makapi ya kijani, na makapi yakilala juani huchacha. Aliyefanya kazi hiyo atakuambia pia habari za utomvu wake, unavyowasha ngozi mpaka mtu anajikuna usingizini. Tanga ina washairi wa kutosha, kwa hiyo sitathubutu kuugeuza mkonge kuwa fumbo la kumbukumbu, nyuzi nyeupe zikianikwa mbele za watu na makapi yakisukumwa nyuma ya kiwanda. Atakayetaka atunge mwenyewe.

Mkonge wenyewe ni mgeni kama wengi wetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitishwa Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo ndipo ilipoanza kujengwa reli kutoka hapa kwetu kwenda bara. Ilifika Muheza 1896, Mombo 1905, Moshi 1911. Kutoka miche 62 hiyo, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inaongoza duniani kwa katani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Nyingi ya zile picha mlizozungusha, za maghala, za vilabu, za nyumba zenye baraza pana zinazotazama bahari, nyuma yake limesimama robota la katani. Hakuna aliyelitaja mpaka ilipotajwa harufu.

Na mkonge haujikati. Wenyeji wa hapa walikuwa na mashamba yao, minazi yao na uvuvi wao, na wengi hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa miiba kwa mshahara ule. Basi watu wakaletwa. Waliletwa kutoka Kigoma, kutoka nyanda za juu za kusini, kutoka pande zote mbili za mto Ruvuma, kutoka Burundi na Rwanda. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, ambayo watu wa bara waliijua kwa jina la Silabu. Mtu aliweka dole gumba, akapewa namba, na kwa namba hiyo akapata jina jipya yeye na wenzake wote: manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Majani yalifungwa mizigo ya thelathini thelathini, na siku ambayo hukutimiza hesabu ya mizigo yako, au uliyoumwa, haikuingia kwenye kadi. Kwa hiyo mwezi wa kipande haukufuata mwezi wa angani. Mwezi wa mtu uliweza kuchukua wiki sita.

Nina la kukiri hapa. Nilipokuwa shule ya msingi, manamba lilikuwa tusi. Mtoto aliyetamka Kiswahili kwa lafudhi ya bara, ambaye kwao ni kambini, tulimwita hivyo. Kuna mmoja nilimwita mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya darasa, kwa sababu alinishinda hesabu. Hakunijibu. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba babu yangu mzaa mama, ambaye nyumbani tuliambiwa siku zote kuwa "alikuja Tanga kutafuta maisha", hakuja peke yake wala hakuja kwa nauli yake.

"Alikuja kutafuta maisha." Itegeeni sikio sentensi hiyo. Katika kikao kile niliisikia mara tano, kutoka kwa watu watano, na kila mmoja alipoisema alihamia haraka kwenye habari nyingine. Si uongo. Ni sitara. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba mbele ya hadhara mtu hutandika mkeka. Hatandiki mkeka akauinua kuonyesha vumbi lililo chini yake. Wageni wanaokuja na vinasa sauti vyao hawalijui hili. Wanatuuliza mambo mazito mbele ya watu mia, tunawapa "watu walipendana", wanakwenda zao kuandika kwamba wazee wa Tanga wanasifu tu ya kale.

Anayetaka kusikia abaki baada ya dua. Kikao cha pili huanza kibarazani, watu wanapotafuta viatu vyao, na mimi nimejifunza zaidi kwenye viatu kuliko kwenye kipaza sauti. Yule mzee wa nyuma nilitoka naye siku ile, tukaenda taratibu mpaka kituo cha daladala. Nikamwuliza amezaliwa mwaka gani. Akafikiri, akataja njaa fulani, akataja mwaka aliooa kaka yake, akaacha. Nikamwuliza kama anaikumbuka namba yake ya shambani. Akaitaja pale pale, tarakimu zote, kwa sauti ya mtu aliyeitwa. Nikachomoa kalamu. Akanishika mkono. "Hiyo usiandike," akasema. Sikuiandika.

Sasa tuje kwenye lile ambalo humu halina mpinzani, yaani muziki. Siku ile zilitajwa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ikatajwa taarab ya Black Star na Lucky Star, na liliposikika jina la mwimbaji Shakila wamama wawili walianza kuimba wakiwa wamekaa, na mwenyekiti mwenye ratiba mkononi hakuthubutu kuwakatiza. Tuna haki ya kujivuna. Taarab ya Tanga ilishika gitaa na besi, ikaleta mwendo wa kumwinua mtu kitini, wakati mabingwa wa ng'ambo ya maji walipendelea asikilize ametulia. Lakini hebu nikumbushe jambo moja dogo. Jamhuri Jazz, kabla haijaitwa Jamhuri, iliitwa Young Nyamwezi. Unyamwezi uko wapi, na Tanga iko wapi? Msemo wetu ni "waja leo, waondoka leo". Ukweli ni kwamba wengi walikuja leo na kuondoka hawakuondoka. Wakashika magitaa, na tunachokiita ladha ya asili ya mji huu kilitiwa chumvi na hao.

Mpira nitaupita mbio, kwa usalama wangu. Coastal Union ilichukua ubingwa mwaka 1988, na wapinzani wao, wana Kimanumanu waliomo humu, watanisamehe nikiishia hapo.

Nizungumze kidogo juu ya nyuki, maana hakuna kikao cha Tanga kisichofika kwa nyuki. Novemba 1914 Waingereza walileta kutoka India jeshi la watu kama 8,000 kuja kuuteka mji huu. Waliokuwa wakiulinda chini ya kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck walikuwa karibu 1,000, wengi wao askari Waafrika. Tangu tarehe 2 hadi tarehe 5 mapigano yaliingia mpaka mitaani, kisha Waingereza wakarudi merikebuni na kuacha silaha nyingi ufukweni. Katikati ya risasi mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini ilichokozwa, na nyuki wakashuka. Hayo ndiyo yaliyotokea. Lakini kikaoni nilihesabu nyuki wa aina tatu. Wapo waliotumwa na mganga. Wapo waliofungwa kamba na Wajerumani ili Mwingereza ajikwae awafungulie. Na hadithi hii ya kamba, kwa taarifa yenu, ilivumishwa na upande wa Waingereza wenyewe, kwani ni afadhali kushindwa na hila kuliko kushindwa na watu wachache. Na wapo nyuki wazalendo, waliojua mwenye mji ni nani. Nyuki wa kweli hawakujua mwenye mji. Waliwauma wa pande zote mbili.

Sina ugomvi na hadithi tamu, na hii ni tamu kweli. Shida ni kwamba utamu wake umewafukuza watu kwenye vita yao wenyewe. Mtoto wa shule hapa mjini atakuambia habari za nyuki bila kusita. Mwulize nani alibeba masanduku ya risasi, nani alichimba makaburi, nyumba za nani zilitobolewa na makombora. Babu zetu walikuwa hapa, vita ikawajia mlangoni, na sisi tumewarithi nyuki.

Ndiyo maana nampenda mzee wa nyuma na ukorofi wake. Asingebisha, tungeenda nyumbani na asumini. Mtu anaposema "Tanga ilikuwa nzuri" hakuna wa kumpinga, kwa sababu hajasema kitu kinachopingika. Anaposema basi fulani, siku fulani, harufu fulani, mwingine ananyanyua kidole: hapana, basi lile lilikuwa la Jumapili, hapana, nauli ilikuwa thumni. Wenyeviti wetu huogopa mabishano hayo, huyapoza, "wazee wetu, haya ni madogo, tusonge mbele." Msisonge mbele. Kaeni hapo hapo kwenye thumni.

Nipeni nafasi ya mfano wa pili, maana siku ile ulinigusa kuliko hata wa kwanza. Mzee mmoja alikuwa akisimulia viwanda. Aliitaja mbolea, akataja chuma, mbao, sabuni. Alisimulia kengele za baiskeli asubuhi, barabara nzima, wanaume na vikopo vyao vya chakula, na king'ora kikilia, na mji kuamka kwa king'ora hicho. Alisimulia vizuri sana, na wanaume humu ndani waliinamisha vichwa kama watu walio msibani. Nilidhani limekwisha. Akasimama mama mmoja, akarekebisha kanga, akasema: "Sabuni mlitengeneza nyie, hapa hapa Tanga. Na mimi nilifua kwa majani ya mpapai."

Alikuwa anasema juu ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imekausha hazina, na fedha za kigeni za kununulia malighafi na vipuri hazikupatikana. Kiwanda kikawa na king'ora, kikakosa cha kukoroga. Mwaka 1983 serikali ikawasaka iliowaita wahujumu uchumi, na watu wengine wakatupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Mama yule hakusema lolote katika hayo. Yeye alisema habari za jiwe. Foleni ya duka ilianza usiku, na kwa kuwa mtu ana watoto wa kulaza, aliweka jiwe kushika nafasi yake, akarudi alfajiri. "Jiwe langu lilikuwa na doa jeupe," akasema. "Siku moja nikarudi nikakuta limesogezwa nyuma ya mawe manne. Na aliyelisogeza alikuwa jirani yangu, ambaye mnasema tulipendana."

Wakacheka wote, na jirani mwenyewe alikuwepo, akacheka kuliko wote. Lakini oneni kilichotokea. Mzee hakudanganya na mama hakudanganya. Kiwanda kimoja kiliwekewa kumbukumbu mbili: wanaume walilikumbuka lango la kuingilia, wanawake waliikumbuka foleni ya mwisho wake. Tungemsikiliza mmoja tu tungekuwa na nusu ya sabuni. Hata vijana wana nusu yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Wagosi wa Kaya lilitoa Tanga Kunani, wimbo wa vijana waliokuwa wakiuliza mji wao umepatwa na nini, na nina hakika wengi walioupenda hawakuwahi kukisikia king'ora kile kwa masikio yao. Walirithi majonzi ya baba zao kabla ya kurithi habari zenyewe. Majonzi hurithiwa haraka. Habari lazima ziulizwe.

Mtaniuliza: kwani haya hayajaandikwa? Tanga ni mji wa kalamu tangu zamani. Sheikh Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi wa vita vya Wajerumani na watu wa Mrima. Gazeti la Kiongozi lilichapishwa hapa enzi za Wajerumani. Martin Kayamba, aliyeanzisha hapa Tanga mwaka 1922 chama cha Waafrika watumishi wa serikali, aliandika habari za maisha yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui mwaka 1962, alituachia Maisha Yangu. Miji mingapi ya nchi hii ina utajiri huo?

Lakini watazameni waandishi hao walikuwa watu gani. Mwanachuoni. Karani. Karani tena. Sisemi kwa dharau. Mimi mwenyewe ni mjukuu wao wa kalamu, kama nilivyo mjukuu wa namba. Nasema tu kwamba mwaka 1939 makuli wa bandari hii waligoma, watu waliobeba mizigo kwenye matishari kwa sababu meli kubwa hazikuweza kufunga gatini, na hakuna kuli aliyetuachia kitabu cha maisha yake. Tunawajua kwa ripoti za waliowakasirikia. Na katika vikao vyetu, bila nia mbaya ya mtu yeyote, kipaza sauti hufuata mpangilio ule ule wa mwaka 1922: huanza kwa walimu wastaafu na makarani wastaafu wa mstari wa mbele, na kikifika nyuma betri imekwisha.

Kwa hiyo nina maombi kwa chama chenu kinachoandaa vikao hivi, nayo ni ya kazi ya mikono zaidi kuliko ya nadharia. Acheni kuuliza zamani ilikuwaje. Wekeni meza katikati, na juu ya meza vitu. Kipande, kama yupo aliyekihifadhi. Tiketi ya treni. Kanga iliyofifia ambayo jina lake bado linasomeka. Senti zenye tundu katikati, za enzi ya mkoloni. Kengele ya baiskeli. Muulize mtu aliipataje, aliinunua kwa kiasi gani na kiasi hicho kilikuwa kazi ya siku ngapi. Kwenye picha msiulize tu nani amekaa kwenye kiti. Ulizeni nani amesimama nyuma ameshika sinia, na mkono ule unaoonekana ukingoni ni wa nani. Kipaza sauti kianzie nyuma. Wakibishana wawili, andikeni wote wawili, kila mmoja na maneno yake, msiwapatanishe kwenye karatasi. Anayeona raha kusimulia kwa Kiha, Kimakonde au Kibondei asimulie hivyo, atapatikana mjukuu wa kutafsiri. Nimewahi kumsikia mzee akihesabu mizigo ya mkonge kwa Kiswahili na kuomboleza wenzake kwa lugha ya kwao, nikajua kwamba nusu ya habari ingenipita. Na mtu akikushika mkono akasema usiandike, usiandike.

Mama wa Raskazone amenituma nimsemee jambo, naye yumo humu, anatikisa kichwa kuniambia niseme. Asumini ilikuwepo kweli. Ilikuwa uani kwao, mama yake aliipanda, na jioni wasichana waliichuma kutunga vikuba. Aliponieleza hayo, nje, kwenye viatu, aliniambia na aliyekuwa akimwagilia maji ile asumini: mtu wa makamo, mfanyakazi wa pale nyumbani, aliyewahi kuwa kambini kabla ya kuja mjini. Alijaribu sana kulikumbuka jina lake. Alikumbuka kwamba alikuwa akivuta kiko na kwamba alikuwa na kovu la mwiba chini ya jicho. Jina halikuja. Kama yupo humu anayemjua mtu huyo, tafadhali amwone mama baadaye, amekaa mstari wa kwanza, mwenye buibui na mkoba wa ukili.

Kitu cha mwisho kipo pale mezani, karibu na birika. Nilikiazima kutoka kwa familia moja ya Ngamiani, waliokikuta kwenye sanduku la marehemu. Ni chuma chenye urefu wa kiganja, kimepinda upande mmoja, kina matundu mawili na alama inayosomeka nusu. Nimewaonyesha watu watatu. Wa kwanza aliniambia ni kisu cha kukatia mkonge kilichovunjika. Wa pili akacheka, akasema hicho ni kipande cha korona, na mtu aliyekitoa kiwandani alikitoa kwa kuiba. Wa tatu, mama mmoja, alikigeuza mara mbili akasema yeye hajui mashine, ila nyumbani kwao kilikuwepo kama hicho na baba yake alikitumia kubania mlango.

Kahawa imeshaletwa. Pitieni pale mkitazame kabla hamjavaa viatu.